Kisigino cha Shemeji Juu ya Gogo

Kwenye kupasua mbao kwa mkono hakuna bosi. Kuna wa juu na wa chini. Gogo hulazwa juu ya shimo, mmoja akalisimamia mgongoni, mwingine akaingia chini, wakavutana msumeno mrefu wenye mpini huku na huku. Bwana wetu alikuwa wa chini. Majirani walimwita Vumbi, maana jioni alirudi nyusi zimejaa unga wa mbao. Wa juu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mrefu wa kimo na wa maneno.

"Shemeji, huko kaburini kukoje?"

"Kuzuri. Hakuna wakwe."

Ndivyo siku zilivyokwenda. Lakini asubuhi ile mvua ilikuwa imelegeza udongo. Kazi ikiwa imekolea, kabari iliyozuia gogo ikachomoka. Gogo likageuka. Msumeno ulionasa ndani yake ukageuka nalo, mpini wa chini ukambana Vumbi kifua kwenye ukuta wa shimo. Alitaka kupiga yowe, pumzi ikagoma. Udongo ukamdondokea shingoni. Juu yake gogo likalia, kwiii, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika.

"Shemeji, usishuke," akanong'ona. Ni uzito wa shemeji tu uliokuwa umelizuia gogo lisibingirike zaidi.

"Sishuki. Ila miguu hainisikii, inatetemeka yenyewe."

Mke wa Vumbi alikuwa kando akipanga mbao. Alichungulia shimoni, akaona macho ya mumewe, basi. Akachukua mtaimbo, akauchomeka chini ya gogo, akaunyanyua kwa bega.

"Kaka, rudi nyuma kidogo."

"Nitaanguka."

"Kaka!"

"Nikikosea namuua, dada."

"Na ukiganda hapo je? Kisigino tu. Kirudishe."

Kisigino kikarudi. Gogo likanguruma, likajivuta upana wa kiganja, naye mke akairudisha kabari chini yake kwa mguu. Vumbi akajichomoa, akatambaa hadi nje, akalala kifudifudi ameng'ang'ania nyasi.

Kitambo kikapita kabla hawajakumbuka kutazama juu. Shemeji alikuwa palepale, kafumba macho, kalowa jasho chapachapa.

"Shuka, kaka. Ametoka."

"Aseme mwenyewe."

Vumbi akatema unga. "Nimetoka, shemeji."

"Sema tena."