Herufi Nilizozikata

Aibu hii ni yangu, siikatai, ila mwanzilishi wake ni Shabani Mkumba na namtaja kwa jina, maana mimi nilipopunguzwa kazi kiwanda cha korosho kilipouzwa (walisema tutafaidika, tukafaidika jua) nilikuwa na darasa la nne langu tu, yeye alikuwa karani wa posta, kwa hiyo neno lake nililiona sheria.

Kikundi chetu, Wakulima wa Mahege, kilikuwa kinaomba mashine ya kukoboa mpunga, na wafadhili walitaka kwanza watuone kwenye mtandao. Wenzangu wakachanga, wakanituma Dar nikasajili jina la tovuti. Shabani akaniita pembeni. "Kaka, simu ya maandishi posta tulitoza kwa kuhesabu maneno. Huko kwenye kompyuta watahesabu hata herufi. Kata!"

Nikakata. Huko Dar, dada wa duka la kompyuta alinipa bure programu ya kutengenezea kurasa, halali kabisa, hapo ningemshukuru Mungu nikatulia, lakini mkono ulishaonja kubana: kwenye "wakulima" nikatoa "ku", nikatoa "im", ile "wa" ya katikati nikaitupa, na kwa kuwa mtandao hautaki nafasi kati ya maneno, yote yakaungana.

"Baba, umelisoma lakini?" yule dada akaniuliza.

"Wewe andika, usinifundishe kubana matumizi!"

Siku ya mgeni, mama mmoja mpole kutoka kwa wafadhili, ofisi ya kata ilijaa hadi madirishani. Akashika karatasi yetu ya usajili, akasoma kwa sauti: "Wala Mahege."

Mtu huko nyuma akadakia, "Kumbe nyie ndio mnaotula mpaka mnatumaliza!" Watu wakaangua kicheko, na Shabani (Mungu anamwona) alicheka kuliko wote. Nikatafuta mlango, umezibwa. Nikaona mashine ndiyo hiyo inakwenda zake.

Ndipo Bi Hadija, mwenyekiti wetu, akasimama akakaza kanga kiunoni. "Mama mgeni, wala Mahege ni nguruwe na ngedere, wanavuna kabla yetu. Tumewaandika huko dunia iwajue. Sisi ni walima. Njoo shamba uone walichotubakishia."

Mgeni alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaenda shamba kweli. Njiani akanieleza kwa upole kwamba jina refu kwa fupi bei ni ileile (nilijifanya natoa mwiba mguuni). Akatusaidia kusajili jina jingine lenye herufi zote, na mashine ikafika, inakoboa mpaka leo.

Mimi nikitumwa siku hizi nauliza bei kwanza, na yeyote atakayeniambia "kata", namuuliza yeye alikuwa karani wa wapi.