Mtoto wa Kukaangwa

"Kama anachoma hivi, mbona anatetemeka?"

Nilipokuwa mtoto, tukikaa chumba kimoja Dandora, niliuliza swali hilo kiganja changu kikiwa kwenye paji la Wafula, mdogo wangu. Mama alikuwa akitafuta shali. Kukhu, nyanya yetu aliyetoka Bungoma kuja kutulea, alikuwa akimshushia marvini, ile kofia ya sufu, hadi kwenye nyusi.

Kwa Kukhu, baridi haikuwa hali ya hewa. Ilikuwa kitu kinachotembea. Huingilia utosini, hushuka kifuani, huketi humo, na hakitoki ila kwa jasho. "Mfunikeni," alisema. "Akitoa jasho, amepona." Na mara nyingi ilikuwa hivyo kweli: tulimfunika, akalowa, akaomba uji.

Safari hiyo jasho halikuja. Mama akaongeza blanketi juu ya shali, tukaenda kliniki. Jua lilikuwa kali na foleni imefika langoni. Sista alipolifungua lile furushi, alipaza sauti wote wasikie.

"Mama, unakaanga mtoto? Si uongeze mafuta aive vizuri."

Foleni ikacheka. Mama naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na pa kujificha, huku akikunja blanketi. Dawa tulipewa. Sababu hatukupewa.

Jirani yetu mmoja alikuwa kwenye foleni hiyo, na kabla jua halijatua ploti nzima ilikuwa na habari. Watoto wakambatiza Wafula jina la Maandazi. Mama akipita na mtungi wa maji, mtu anamwuliza kwa upole wa uongo, "Mama Maandazi, leo ziko moto?" Anajibu, "Ziko moto, karibu." Kisha anaingia ndani na kufunga mlango.

Wafula alipougua tena, pumzi zikiwa fupi na za haraka, Kukhu alitazama kifua chake akasema baridi hii imeshaketi, apelekwe hospitali. Mama akakataa. "Siendi kuchekwa tena," alisema, akanunua dawa dukani. Alingoja mpaka mtoto akakakamaa mikononi mwake, macho yakageuka. Ndipo akakimbia, nami nyuma yake. Lakini langoni mwa kliniki alisimama. Mtoto yuko katika hali ile, na mama yangu amesimama akimvua marvini, akiisokomeza ndani ya blauzi isionekane.

Ilikuwa nimonia. Alilazwa, akapona; leo ananipita kwa kimo.

Sasa nasomea uuguzi, na swali langu lilijibiwa darasani kwa sentensi chache. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoamua mwili uwe na joto kiasi gani, kama kile kidude cha pasi unachozungusha kutoka nailoni hadi pamba. Vijidudu vikiingia, mwili wenyewe hukipandisha kidude. Joto lililotosha jana sasa linahesabiwa baridi. Kwa hiyo mishipa ya ngozi inabana, mikono inapoa, misuli inatetemeka ili itengeneze joto. Kidude kikishuka, mishipa inafunguka na jasho linatoka. Jasho la Kukhu lilikuwa dalili ya kupona, halikuwa dawa. Aliona sawasawa, alichogeuza ni kipi kinatangulia. Blanketi nalo huzuia tu joto lisipate pa kutokea.

Nilitoka darasani nimejaa aibu kwa ajili ya kazi hii ninayosomea. Mama alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha nguo kule Baba Dogo. Kutwa kidole chake kilikuwa kwenye kidude hicho. Angeelewa kabla sista hajamaliza kuvaa glavu.

Na juzi wodini, tukiwa mazoezini, nimeisikia tena ile "unakaanga mtoto", safari hii kutoka kinywani mwa mwenzetu wa darasa. Niliona haya kuvaa sare moja naye. Nilipomkabili, alisema ni utani tu, unawaamsha akina mama. Hoja hiyo naipinga. Mama yangu utani haukumwamsha. Ulimsimamisha langoni.

Basi nawaomba, wenzangu: akija mama na mtoto aliyevishwa marvini juani, mfungueni mtoto taratibu, na mumwambie mama kwa nini.