Nakala Zilijichukua Zenyewe, Kaburi la Mama Likapotea

Kosa ni langu. Nalisema mapema, kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na mimi kwa kujitetea nawashinda mawakili wote wa Mombasa na mahakimu wao juu! Majina nitakayotaja si ya kweli. Kosa ndilo la kweli.

Naishi peke yangu Mjambere, hapa Kisauni. Mchana nilikuwa nauza misumari na rangi dukani, jioni nakwenda kusoma kompyuta. Nimesinzia juu ya kibodi mpaka herufi zikaniandika shavuni! Nilipopata cheti nilikitia plastiki nikakitundika ukutani, nikaamini hata marubani wanaotua kule Changamwe wanakisoma wakipita.

Sifa zikafika kwa kamati ya makaburi ya mtaani, nao wakaniita niwasaidie. Pale kwetu hatuandiki majina juu ya kaburi. Ni jiwe tu kichwani, na mvua zikipiga, udongo wa huyu unalala sawa na wa jirani yake. Kwa hiyo kamati ina kompyuta: jina la marehemu, mstari, namba ya kaburi. Mtu akija kumzuru wake, anatazamiwa, anapelekwa.

Bi Zuhura, karani, alikuwa na desturi yake. Kila siku baada ya alasiri anafungua kompyuta na kusoma kwa sauti walioingizwa siku hiyo, na Mwero, mchimba makaburi, amesimama mlangoni na matope yake miguuni anamjibu.

"Fatuma binti Said, mstari wa mti wa mkilifi, la tatu kutoka ukutani."

"Ndipo."

Akimaliza anachukua nakala kwenye flashi, anaifunga kwenye pembe ya leso kama afungavyo nauli, anakwenda nayo nyumbani kwake.

Mimi nikacheka. Kompyuta ya karne hii, na akiba yake iko kwenye pembe ya leso!

Nikaketi siku kadhaa nikaandika programu ndogo. Kila jioni kompyuta ijichukulie nakala yenyewe, iweke moja kwenye diski ya pembeni na moja mtandaoni, bila mtu kugusa kitu. Nakala ya leo ilifuta ya jana, nafasi isijae. Wallahi, siku ilipofanya kazi nilitoka pale nikitembea kama niliyevumbua umeme!

Wala hakuna aliyenipinga, nisije nikawasingizia. Bi Zuhura alifurahi. "Umenipumzisha, mwanangu. Sasa nitawahi kuwapikia wajukuu."

Mwero naye akasema, "Siku hizi maiti wanajilinda wenyewe! Mimi n'takuja kuchimba tu na kuondoka."

Basi wakawa wanaondoka mapema. Hakuna tena aliyesoma kwa sauti, hakuna aliyejibu mlangoni. Nilikuwa nikipita jioni nakuta ofisi imefungwa, ndani mashine inaunguruma peke yake. Nikajipongeza. Kila jioni simu yangu ilipata ujumbe: nakala imekamilika. Baada ya muda nikauzima ule mlio, maana ulikuwa unanikatiza mpira.

Halafu mama akafariki, masika, mvua haina huruma.

Dada yangu, Mishi, alikuwa Saudia kazini, hakupewa ruhusa. Tuko wawili tu sisi, baba alitangulia zamani. Nikamzika mama na watu wa mtaa. Nilishuka mimi mwenyewe kaburini kumpokea, maji yananifika kwenye vifundo, sikumbuki nani alinivuta juu. Msimu ule kulizikwa watu wengi, kila siku udongo mpya. Nikaenda ofisini na nguo zangu za matope, nikaingiza jina lake, mstari, namba. Nikamwambia Mishi kwa simu, "Usijali dada, mama yuko kwenye kompyuta. Hapotei."

Na kwa kuwa hapotei, sikwenda kumzuru. Hilo nalo ni kosa langu, liandikeni! Nilijiona sina haraka, namba imo kwenye kompyuta. Nikija nyumbani naikuta leso ya mama kwenye msumari, nawasha redio, nalala.

Mwaka ukapita na zaidi. Mishi akapata likizo. Alikuja na begi kubwa kuliko chumba changu, na hakulifungua. Alitoa chupa ya marashi ya waridi tu.

"Nipeleke kwa mama."

"Pumzika kwanza, dada. Kunywa japo chai."

"N'shapumzika kwenye ndege. Nipeleke."

Tukaenda. Nikamwacha nje barazani na Bi Zuhura wakipeana pole, nikaingia ofisini kwa mbwembwe zangu, nikaandika jina la mama. Kompyuta ikakataa. Nikaandika tena. Nikatafuta waliozikwa masika ile, mmoja mmoja. Hakuna! Waliotangulia wapo, waliofuata wapo, wa msimu ule wote ni alama zisizosomeka.

Umeme ulikuwa ukikatika ovyo siku za mvua, na mara moja ulikatika vibaya, ukaharibu kipande kile. Kazi za kila siku hazikukigusa, kwa hiyo hakuna aliyejua. Na programu yangu, mtiifu kuliko mtumishi yeyote, kila jioni ikanakili ule uharibifu na kuuweka juu ya nakala nzima. Kwenye diski, hivyo hivyo. Mtandaoni, hivyo hivyo. Nakala imekamilika! Ndiyo, ilikamilika!

Flashi ya Bi Zuhura ilikuwa ya kabla sijaleta ujuzi wangu. Mama hakuwamo, alikuwa hai bado.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikamkuta Mwero. Nikamnong'oneza. Akaegemea jembe.

"Mamako? Ni pande hii, kati ya mistari hii mitatu. Mkilifi tuliokuwa tukipimia ulikatwa ulipojengwa ukuta mpya. Zaidi ya hapo, ndugu yangu, n'takudanganya."

Mwero hakutaka kunidanganya. Mimi nikadanganya.

Nilirudi kwa Mishi nikamshika mkono, nikapita naye kati ya makaburi nikihesabu kwa mdomo kama mtu anayejua, nikasimama penye jiwe jeupe. "Ndiye huyu."

Dada yangu alikaa chini mavumbini na buibui lake zima. Alimwambia mama mambo ya Saudia ambayo mimi hajawahi kuniambia. Akamwaga marashi yote, mpaka tone la mwisho, akanifunika kichwa kwa mkono akasema, "Ahsante, babu, ndugu yangu. Kumbe hukumwacha mama peke yake."

Ningeweza kusema pale pale! Angenipiga, angelia, tungemtafuta mama pamoja tukashindwa pamoja. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa muda mrefu sijashikwa kichwa na mtu.

Akarudi Saudia. Akaniambia nipande rehani pale kwenye jiwe jeupe, nikapanda. Na kila Ijumaa ananipigia: "Uko kwa mama? Mtie kwenye spika nimsalimie." Nikawa nasimama na simu mkononi juu ya mtu nisiyemjua.

Ijumaa moja alinikuta mzee mmoja, nimeinama namwagilia.

"Kijana, umempandia rehani mke wangu. Mlikuwa mkijuana?"

"La, mzee. Nimekosea mstari."

"Aa. Si neno, zinanukia. Na wako yuko wapi?"

Nikammiminia mkewe maji yaliyobaki. Mzee yule hana namba, hana kompyuta. Huja tu.

Tangu siku hiyo siwezi kusimama tena penye jiwe lile. Mishi akipiga, nasimama katikati ya mistari mitatu, naitia simu spika, naiinua, nageuka taratibu nizunguke pande zote, ili sauti yake imfikie mama popote alipo.

"Mbona upepo unabadilika hivyo?" aliniuliza Ijumaa iliyopita. "Umesimama wapi?"

"Nipo hapa hapa, dada."

Bi Zuhura siku hizi anasoma tena kila alasiri, Mwero anajibu mlangoni, na programu yangu inahifadhi nakala za siku nyingi bila kufuta. Kazi nimeitengeneza. Wenye watu wao wa masika ile bado wanakuja mmoja mmoja, nami huwaambia ukweli, na wengine wamenitukana matusi ambayo sikuwahi kuyasikia Kisauni nzima! Nimewaambia wote. Amebaki mmoja.

Nawe unayesoma, kama umeiachia mashine ikulindie kitu, siku moja moja ifungue hiyo nakala, usome kilichomo, na awepo mtu wa kukujibu. Usiridhike na ujumbe wa simu kwamba imekamilika. Na kitu kikipotea mkononi mwako, sema siku hiyo hiyo, mbele ya mwenyewe, hata kama atakuacha! Mimi nina mtu mmoja tu aliyebaki duniani, ananipenda kwa jambo ambalo sikulifanya, na kila Ijumaa simu ikilia naipokea, namwambia tena niko kwa mama.