Bwana Kioo na Viyoyozi Sita

Kwa miaka kumi na moja Bwana Kioo aliajiriwa kugombana na hewa. Taasisi ilikuwa ikirusha mwale wa leza kutoka chumba chake cha juu ya paa hadi mnara wa mlimani, kilomita tisa, ukibeba picha kwenda na kurudi. Hewa nayo haina adabu. Ikipata joto kidogo inayumba kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo, na mwale unayumba nayo. Kuunyoosha ndiyo kazi ya kioo anachokitunza: ni kidogo kama kisahani cha kikombe, mgongoni kina vijipini tisini na saba vinavyokisukuma na kukivuta mara elfu kwa sekunde. Hewa ikiupinda mwale huku, kioo kinajipinda kule, mambo yananyooka. Mkewe husema hata ndoa yao inaendeshwa hivyo, ila vijipini vyote anavyo yeye.

Alhamisi hiyo walikuja wageni wa kuamua kama kioo kibaki au kifungiwe sandukuni. Saa tatu asubuhi picha ilikuwa safi. Shemeji yake, mlinzi wa mitambo kule mnarani, akapiga simu.

"Shem, nakuona mpaka kifungo kilichokatika."

"Usimwambie dada yako."

Saa nne wageni wakaketi ukumbini, na Mkurugenzi, kwa ukarimu wake, akawasha viyoyozi vyote sita. Sasa kiyoyozi hakiui joto, kinalihamishia kwa jirani. Na mashine zake za nje zilipangwa juu ya paa, mstari mmoja, chini tu ya mdomo wa darubini inayorusha mwale. Bwana Kioo alishaandika barua nne kuhusu jambo hilo. Zote zilijibiwa: "Imepokelewa."

Kwenye skrini ya ukumbini, shemeji na tai yake ya kuazima wakawa mashemeji wawili, kisha uji.

Bwana Kioo akashuka ngazi mbio, akainama sikioni mwa Mkurugenzi.

"Mzee, tuzime viyoyozi dakika kumi tu."

"Wageni watoke jasho?"

"Ndivyo vinavyotikisa mwale."

"Kioo chako si kinarekebisha hewa? Basi kirekebishe! Tunakula bure hapa?"

Akapanda tena. Vijipini vyote vilikuwa vimesukumwa hadi mwisho wa nguvu zao, taa nyekundu tisini na saba. Akachukua boksi la karatasi, akalikinga mbele ya mashine. Joto likalizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Shem, umeyeyuka," simu ikasema. "Zima hivyo viyoyozi."

"Swichi iko nyuma ya mgongo wa Mkurugenzi."

"Pole."

Pole haina kijipini hata kimoja. Alibaki amesimama na boksi lake, akisikia makofi ya kuagana yakipanda kutoka chini. Mgeni mkuu, aliyekuwa amejifunga mtandio kwa baridi, alishaandika kwamba mtambo umechakaa, na alishatia sahihi.

Viyoyozi vikazimwa. Baada ya dakika nane taa nyekundu zikaanza kuzimika, moja baada ya nyingine.

Mkurugenzi akapanda na karatasi ya mgeni mkuu mkononi, akaona skrini ndogo: shemeji, mmoja tu, anajikuna sikio.

"Mbona sasa inafanya kazi?"

"Wageni wameondoka?"

"Wameondoka."

"Ndiyo maana, Mzee."

Mkurugenzi akaweka karatasi mezani, akashuka.

"Shem," simu ikauliza, "nizime mitambo?"

Bwana Kioo akatazama sanduku tupu mlangoni, la kufungia kioo.

"Ngoja kidogo. Jikune tena."