Furaha Alipiga Hodi Siku ya Theluji

Wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi, wamalize, kisha wanipe nafasi niseme. Mimi si mtu wa kuona mashetani. Nimelelewa Mombasa na bibi aliyekuwa akimsomea dua kila paka mweusi, nami nikimcheka mpaka anirushie kandambili. Lakini hili limenifika mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Barking, hapa London, asubuhi, na akili zangu timamu.

Miguu yangu haifanyi kazi tangu ajali ya gari. Zamani kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ilikuwa ikiniletea wahudumu inaowataka yenyewe, leo huyu, kesho yule, mtu anakuvua nguo hata jina lako halijui. Kisha ukaja mpango mpya: fedha za huduma unapewa mwenyewe, utafute watu wako, uwaajiri, uwapangie saa zao, na usiyemtaka umwondoe. Basi nikawa tajiri mwenye wafanyakazi, mimi wa kitandani! Nikaweka sheria zangu. Kila mfanyakazi nilimpa ufunguo, lakini marufuku kuutumia kabla hajapiga hodi nami nikamjibu karibu. Kuinuliwa nitainuliwa, kuogeshwa nitaogeshwa, ila mlangoni kwangu mtu ataingia kwa idhini yangu.

Furaha alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, na binti yake mmoja, Neema. Mikono yake ilikuwa baridi kama samaki wa kwenye friza. Kila asubuhi nikimpigia kelele, naye akiisugua huku anacheka: "Pole mama, baridi ya hapa iko mubaya." Hakuna aliyejua kunigeuza kitandani kwa upole kama yeye, na sikuwahi kumwambia.

Mwezi mmoja akachelewa mara tatu. Mara ya mwisho alinikuta nimelowa na nimefura kwa hasira.

"Nilikuwa mugonjwa, mama."

"Kila mvivu ana ugonjwa wake," nikamwambia. "Weka ufunguo mezani."

Akauweka. Hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, barua. Kibali chake cha kukaa Uingereza kilikuwa kinakaribia kwisha, na wakili alitaka barua ya tajiri wake kuonyesha kwamba amefanya kazi kwa uaminifu. Nikasema nitaona. Akapiga simu mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili nikamjibu nitaona. Kwa nini? Kiburi, hakuna jingine. Nilitaka ahangaike kidogo.

Hazikupita wiki nyingi, theluji ikaanguka usiku kucha. Mhudumu mpya alikuwa akitoka Tooting, upande wa pili wa London. Akanipigia alfajiri: mabasi hakuna, treni hakuna, haji. Na siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi, afisa wa kaunsili alikuwa anakuja kukagua kama kweli naweza kujisimamia na wafanyakazi wangu. Unajua maana yake? Jirani yangu mmoja walimkuta peke yake, mchafu, hana wa kumwinua. Wakamhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee na nyumba yake akapewa mwingine. Nami nilikuwa nimelala pale, shuka zimelowa, nimempigia kila ninayemjua na hakuna anayeweza kutoka nje. Nililia, sikufichi.

"Hodi."

Sauti ile niliijua. Sikuuliza nani, sikuuliza umefikaje. "Karibu! Karibu mama, ingia!" Mlango ukafunguka.

Aliingia Furaha na koti lake la kahawia. Akanivua, akatandua shuka, akaniogesha, akanipaka mafuta mgongoni. Na mikono yake, niamini, ilikuwa na joto, joto la mtu aliyetoka kuota moto. Nikamtania, "Leo baridi yako umeiacha wapi?" Akatabasamu tu. Viatu vyake vilikuwa vikavu, hata tone la maji hakuna. Niliona, nikapuuza. Mtu mwenye shida huwa hachunguzi viatu vya anayemsaidia.

Akaniweka kwenye kiti changu cha magurudumu, akanipa uji na chai. Nikamwambia naye ajimiminie, akajimiminia, asiiguse. Akaandika kwenye daftari la huduma kama kawaida yetu. Halafu akaniwekea mapajani karatasi na kalamu.

"Mama, uniandikiye sasa."

Ilikuwa saa nne kasorobo. Ningeweza kuandika. Mistari mitano inachukua muda gani? Lakini mimi nilikuwa nawaza afisa tu.

"Furaha, mgeni yuko njiani. Kesho. Wallahi kesho nakuandikia."

"Kesho, mama?"

"Kesho."

"Aksanti," akasema, akatoka.

Afisa alipobonyeza kengele nilimfungulia mwenyewe, nimetakata, nanukia. Akasoma daftari: ameamka salama, ameoga, amekula, hana kidonda, ilibidi nimtafsirie. Akanisifu. Akasema mhudumu anayefika siku kama hii ni wa kumshikilia. Nyumba yangu ikapona.

Alipoondoka nikavuta droo nirudishe daftari. Ufunguo wa Furaha ulikuwa humo, pale pale nilipouweka siku niliyomfukuza. Nikauangalia. Basi asubuhi ile mlango aliufungua kwa nini? Nikapiga simu kwake upesi.

Akapokea Neema. Mtoto huyo Kiswahili anakisikia, lakini siku zote hunijibu Kiingereza. Nikamwambia mwambie mama namshukuru kwa leo, barua yake naiandika sasa hivi. Akanijibu, kwa Kiswahili, "Anti, mama alikufa Jumatatu."

Siku ile ilikuwa Alhamisi.

Kilichomuua ni moyo. Kumbe asubuhi zile alizochelewa alikuwa akitoka kituo cha basi anashika ukuta, anapumzika, anashika mwingine. Neema alinisimulia hayo kwa utaratibu, bila kunilaumu, na afadhali angenitukana.

Barua niliiandika jioni ile, kurasa mbili, kila jema lake limo. Wakili akasema haina tena kazi, mwenyewe hayupo. Neema alipata karatasi zake za kukaa baadaye kwa njia nyingine, Mungu ashukuriwe, si kwa wema wangu. Barua ninayo kwenye droo, pamoja na ufunguo na lile daftari lenye mwandiko wake wa siku ile. Anayebisha aje aone.

Wahudumu wangu wa sasa wanadhani nimeingiwa na wazimu. Wakipiga hodi sijibu karibu mpaka nimeuliza nani, na wakishataja jina bado nasita. Na theluji ikianguka silali. Nakaa macho na karatasi mapajani, kalamu mkononi, nasikiliza mlango. Nawe kama kuna mtu anayekuinua, awe anakuosha au anakupikia, na amekuomba neno jema, usimwambie kesho. Mwandikie leo, angali anaweza kulisoma.