Mwanaidi na Kiti cha Kuswalia

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali, hapa Tanga, nilivaa koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi, na ujuaji wa chuoni umenijaa hadi kooni. Msimamizi wetu alinikabidhi Mwanaidi, msichana wa miaka kumi na miwili kutoka mtaa wa Mabawa. Mama yake alimwona akiswali: alipoinama kurukuu, upande mmoja wa mgongo uliinuka kuliko mwingine. Nasi hupima hivyohivyo, tunamwinamisha mtu na kutazama mbavu. Uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda kuelekea ubavuni, ila si sana.

"Mwanangu ataishije?" mama aliuliza. "Ataolewa huyu? Atazaa?"

Nikajibu mbiombio: asibebe kitu, asikimbie, asiiname.

Walirudi baada ya miezi sita. Mama alikuwa ametii kila neno. Hata kuswali, mtoto aliswali kwenye kiti kama ajuza. Misuli ilikuwa imelegea, na kucheka alishaacha. Niliona aibu, na hata leo naiona.

Msimamizi hakunifokea. "Binti, mgongo ungemwacha acheze. Wewe ndiye uliyemkataza. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya hayajamwagika yote. Nenda."

Nikaenda Mabawa, nikamwomba mama radhi, Mwanaidi akisikia. Nikamweleza kwamba mgongo hautanyooka kabisa, na tutaupima mpaka mtoto amalize kurefuka, kwa kuwa katika miaka hiyo ndipo mpindo huongezeka zaidi. Wachache huhitaji mkanda mgumu wa plastiki, au upasuaji. Wengi huishi kama watu wengine, wakazaa na kuzeeka.

"Kwa hiyo ndoo abebe?"

"Abebe, mama. Na kiti kirudi sebuleni."

Baadaye niliwahudumia waliopinda zaidi, wengine wenye maumivu makali, na sikumdanganya hata mmoja. Swali la mama yule sikulijibu tena kwa pupa. Namshukuru Mungu kwa kunipa msimamizi mwenye subira.

Sasa nimestaafu, nakaa Nguvumali. Tangu niteleze bafuni nimekuwa mwoga wa kuinama. Mwezi uliopita Mwanaidi alikuja kunijulia hali. Ni mama wa watoto watatu, bega moja bado liko juu kidogo. Alinikuta ndiyo kwanza natoa salamu ya kumaliza swala, nimeketi kitini.

"Shikamoo, mama. Daktari kakwambia uswali umekaa?"

"Marahaba, mwanangu. Hajasema. Naogopa tu."

Akacheka, akanishika mikono yote miwili.

"Haya, inuka. Kiti kirudi sebuleni."