Debe la Mawese

Sifichi: nina wivu. Mwaka 1974 mume wangu Onen, sajini mstaafu wa polisi hapa Kasese, alipoanza kusahau, alinisahau mimi kwanza. Mke mwenzangu Ajok, aliyeolewa kabla yangu, mzee bado alimtambua. Kila asubuhi mzee akifungua macho ni "Ajok!", na yule mwanamke hunitazama kama aliyepandishwa cheo. Mimi nikiingia na chai, naamrishwa: "Wewe nani? Toka hapa!" Miaka kumi na miwili nimempikia mtu huyo.

Tulimpeleka kwa Daktari Byaruhanga. Alisema ubongo umejaa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, kila moja imefunikwa utando mwembamba, na sehemu kubwa ya utando huo ni mafuta. Wataalamu wengine walidhani kwamba kwa wagonjwa kama Onen mafuta hayo hubadilika, utando ukaharibika, na chembe zikashindwa kupeana habari. Dawa hakuna.

"Mafuta yake iko inaisha, dokta?" nikauliza.

"Mama, sikusema hivyo."

Lakini mimi nilishasikia nilichotaka. Ajok huunga mboga zake zote kwa simsim ya kwao Acholi, simsim inayotoa mafuta. Kumbe ndivyo alivyomshika mzee! Na mimi nimekulia Bwera, nikiuza mawese, mafuta mekundu ya michikichi, ya kutoka Beni ng'ambo ya mpaka.

Nilipanda lori, nikarudi na debe zima. Maharage, mihogo, hata uji, vyote nilivitia mawese mpaka vikawa vyekundu. Kila nikimlisha nilimuuliza, "Mimi nani?" Alitafuna tu. Siku ya tano tumbo likamwendesha vibaya. Ajok alimwosha, akafua mashuka. Heri angenitukana.

Jioni ile Ajok akiwa kisimani, niliketi kando ya kitanda, mikono yangu bado inanuka mawese. Onen akanisogelea, akanong'ona kwa woga:

"Dada, iko mwanamke moja kule Bwera. Inaitwa Mbambu, inauza mawese. Mimi nataka kumuoa."

Mbambu ni mimi.

"Iko muzuri?" nikauliza.

Alinikagua toka kichwani hadi miguuni. "Inakushinda wewe mbali sana. Lakini usimwambie Ajok. Italeta wivu."

Nilimwonea kijicho yule msichana wa Bwera kuliko nilivyowahi kumwonea Ajok. Hata hivyo nilimshika mzee mkono, nikaahidi sitamwambia Ajok. Mpaka leo sijamwambia.